Jiwe Kwenye Buti la Mama Ndeshi

Siku mliyoniaga pale gereji Mbauda mlinipa keki, kitenge cha mke wangu na saa ya ukutani. Saa! Mtu ameamka kabla ya majogoo maisha yake yote, siku anapopumzika mnampa saa. Nimeitundika sebuleni. Inanitazama, naitazama, hakuna anayemharakisha mwenzake. Kisha Joeli, ambaye sasa ndiye mkuu wenu, akasimama mbele ya watu akaniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi, "maana wewe ndiye fundi pekee hapa aliyemaliza kidato cha nne akiwa na mvi." Ametia chumvi. Nilikuwa na upara tu.

Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa; vyeo vilikuja vikiwa vimechoka, na mishahara ilikuja ikiwa na haraka ya kuondoka. Nitaandika kuhusu kazi ambayo naona mnaipenda siku hizi: kulivua gari la zamani breki za dramu na kulivisha za diski. Naona mnavyoianza. Mteja anafika na gari la babu yake, nyinyi mnafungua simu, mnachagua diski zinazong'aa kama sahani za harusi, ndipo mnauliza gari lenyewe ni gani. Mnaanzia mkiani. Mimi nilifundishwa kuanzia kichwani, na aliyenifundisha alikuwa Fundi Laizer.

Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mwarusha mrefu, mrefu kiasi kwamba akilala chini ya gari miguu ilibaki Mbauda, kichwa kinafika Majengo. Sauti yake ingeweza kulegeza nati iliyoshikwa na kutu. Siku yangu ya kwanza nilifika na ovaroli jipya, nimelipiga pasi mpaka lina makali, nikitegemea kukabidhiwa spana. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Ero," akaniita, kama Waarusha wanavyomwita kijana, "hilo ovaroli unakwenda nalo kanisani?"

"Hapana, fundi."

"Basi lala chini ya gari lile. Angalia nani kamshika nani."

Nililala pale mpaka chakula cha mchana. Yeye alisimama mbele, akawa anaikandamiza bampa kwa uzito wake na kuiachia, gari linashuka na kupanda kama kifua cha mtu anayekoroma. Niliona springi zikijikunja na shokapu zikizituliza. Niliona ile mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini, ikicheza kwenye bushi zake za mpira. Kati ya mikono hiyo kuna kifundo, kile chuma kinachobeba gurudumu, kimeshikwa juu na chini kwa boljointi, viungo vyenye kichwa cha mviringo. Na pembeni inakuja tairodi, fimbo inayotoka kwenye usukani kukiambia kifundo kigeukie wapi. Nilipotoka chini, pasi yangu yote ilikuwa imekwisha na mgongo umekuwa ramani ya oili.

"Umeona nini?"

"Vinapanda na kushuka, fundi."

"Hakuna kinachopanda wala kushuka. Kila kimoja kinazunguka kwenye bawaba yake kama mlango. Na milango miwili iliyofungwa pamoja lazima ifunguke pamoja, la sivyo mmoja utang'oka." Akafuta mikono. "Gari ni ukoo, ero. Ukimleta mgeni, usiulize ni mzuri kiasi gani. Uliza atakaa na nani."

Hayo ya milango niliyaelewa nusu. Nusu nyingine niliikuta darasani. Miaka hiyo nilikuwa nasoma jioni, kwenye chumba cha shule ya msingi ambacho madawati yake yalitengenezewa watoto. Nikikaa, magoti yananiziba masikio. Tulikuwa walinzi, wauguzi, mama mmoja wa mitumba, na mimi ninayenuka dizeli hadi mwalimu alikuwa akifungua dirisha kabla sijaingia. Jioni moja Mwalimu Upendo akachora ubaoni matao mawili kwa bikari, kila tao na kitovu chake, akauliza yanaachana wapi. Nikaruka kutoka kwenye dawati: "Tairodi!"

Darasa likacheka wiki nzima. Mwalimu akasema hiyo haimo kwenye muhtasari. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Tairodi inazunguka kwenye kitovu chake, mkono wa chini unazunguka kwenye chake. Vikilala sambamba, gurudumu linapanda na kushuka bila kugeuka. Visipolala sambamba, kila shimo la barabarani linakukatia kona ambayo hukuiomba. Shikeni hapo, maana gari la Mama Ndeshi linakuja.

Liliingia gerejini likivutwa na trekta, majani ya mibuni yamejaa kwenye grili kana kwamba limetoka kulishwa. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, rangi ya maziwa, umri wangu. Waliolitengeneza siwataji, bodi walijitahidi, breki walimwachia Mungu. Kutoka kwenye trekta walishuka watu wawili. Mmoja alikuwa Mama Ndeshi mwenyewe, mjane, Mmeru wa kule juu ya Tengeru, mnene, mcheshi, anachechemea kwa nyonga mbovu. Mwingine alikuwa Mzee Eliufoo, mdogo wa marehemu mumewe, mzee wa kanisa, amevaa koti la suti na gamabuti.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Lilinikimbia."

Akatusimulia. Nyumba yake iko juu kabisa, mahali barabara inaposhuka wima kiasi kwamba nadhani kuku wa huko hutaga mayai ya pembe nne ili yasiviringike. Alikuwa anashuka kwenda mazoezi ya kwaya na wenzake wawili. Katikati ya mteremko dramu zikachemka, pedali ikazama hadi chini kama mguu kwenye tope. Gari likapita katikati ya mibuni ya jirani, likasimamishwa na mti wa mgrevilia. Hakuna aliyeumia. Ila wale akina mama wawili, alisema, siku ile walifikia sauti ambayo mwalimu wa kwaya aliitafuta miaka yote.

"Na jiwe?" Fundi Laizer akauliza.

Hilo swali lisiwashangaze. Gari la zamani la mlimani halitembei bila jiwe lake. Ukisimama kwenye mteremko, hendibreki huiamini, basi abiria mmoja anaruka na jiwe anaziba gurudumu. Mama Ndeshi akafungua buti. Lilikuwamo: jiwe jeusi, zito kama dhambi ya jirani, mviringo upande mmoja na bapa upande wa pili. Marehemu mumewe, Baba Ndeshi, alilichagua mwenyewe mtoni Malala mwaka waliponunua gari.

"Jiwe lilikuwepo," akasema. "Lakini jiwe linashika gari iliyosimama, baba. Hii ilikuwa inakimbia."

Mzee Eliufoo akakohoa. "Ukoo umekaa," akasema. "Tumeona gari iuzwe skrepa. Na shemeji, kwa nyonga hiyo, bila gari mlima hauwezi. Basi ahamie mjini, Sakina, kwa binti yake Ndeshi."

"Na mibuni yangu nimwachie nani? Na nyumba?"

"Sisi tutaitunza."

"Nyinyi! Hata mbwa wenu anakula kwangu."

Wakabishana pale mbele ya trekta kama watu waliozoeana, mpaka mambo yakabaki hivi: ukoo ungesubiri hadi Jumapili ya sikukuu ya mavuno. Kila mwaka gari hilo ndilo lililoshusha matoleo ya majirani hadi kanisani, ndizi, maboga, kuku. Siku hiyo Mama angeendesha mwenyewe, na mzigo wake wote, Mzee Eliufoo kiti cha mbele. Mzee akifika chini ameridhika, gari linabaki na Mama anabaki kwake. Asiporidhika, skrepa na Sakina.

Mama akamgeukia Laizer. "Fundi, mimi likivuja sijali. Likinguruma sijali. Nataka nikikanyaga, lisimame. Mimi nizikwe kule juu, nisizikwe Sakina."

"Yeyo," Laizer akamjibu, kwa heshima ya kumwita mama kwa kwao, "hapa hatuziki mtu. Acha gari."

Sasa Joeli. Leo ni mtu mzima ana kitambi cha uongozi, lakini wakati huo alikuwa na kasi ya moto wa mabua. Kabla vumbi la trekta halijatua alikuwa ameshakwenda kwa wauza vipuri na kurudi na diski mbili, pamoja na kaliper zake, yale mataya ya chuma yanayoziuma diski. Kazisugua, zinamulika gereji nzima.

"Fundi, ona!"

Laizer akachukua rimu ya gari la Mama, akaishusha juu ya kaliper. Ikagoma, ikakaa upande kama kofia ya mlevi.

"Umenunua kofia," akamwambia. "Kichwa umekiona?"

Kichwa ni kifundo. Andikeni ukutani. Diski haijishiki hewani, inakaa kwenye kifundo, na kifundo cha breki za dramu hakina masikio ya kufungia kaliper. Kwa hiyo unaanza kwa kutafuta kifundo cha gari lingine chenye masikio, kitakachokubali kuishi kati ya mikono ya gari lako. Ukikipata hicho, ndicho kitakachokuambia beringi gani, diski gani, kaliper gani, na mwisho rimu gani. Ukianzia kwenye diski utazunguka Arusha nzima na kurudi Mbauda ukiwa mzee.

Tulipekua magari mabovu kuanzia Kisongo hadi Usa River. Nadhani nililala chini ya magari mengi kuliko paka wote wa mkoa huu. Tukabaki na vifundo vya aina mbili. Cha kwanza kilitoka kwenye gari kubwa la Kijapani: kirefu, kinene, kizuri, Joeli alikuwa anakipangusa kwa leso yake. Cha pili kilikuwa kifupi, kina sura ya mtu aliyeamshwa. Laizer akakata kijiti, akapima kifundo cha zamani kutoka tundu la boljointi la juu hadi la chini, kisha akakiweka kijiti hicho kwenye kile kizuri. Kizuri kikazidi kwa urefu wa kidole.

"Kidole tu, fundi," Joeli akalia.

"Kidole hicho kinauinua mkono wa juu, gurudumu linaanza kulala kila ukikata kona. Halafu tazama tundu. Boljointi ina shina la koni, lazima likae kwenye tundu kama kizibo kwenye chupa. Hapa linacheza."

"Si tunapanua tundu la huku, tunaweka bomba dogo la kujazia la huku..."

"Ukitoboa kifundo, toboa na kaburi."

Tukachukua kile chenye usingizi. Urefu wake ulilingana na cha zamani, boljointi ziliingia zikakaa kimya. Kilikuwa na kasoro moja: sikio la tairodi lilikuwa chini kidogo kuliko la zamani. Laizer alilipima mara nyingi, akalizungukia, akasema gari likiwa na mzigo na likikaa kwa urefu wake wa kuzaliwa, tairodi itanyooka. Kumbukeni maneno hayo, "urefu wake wa kuzaliwa."

Mengine yakafuata. Bushi, Joeli alitaka zile ngumu za magari ya mashindano. Laizer akataka za mpira, kwa sababu barabara ya mlimani inahitaji kitu kinachosamehe. Springi tulitafuta zenye nguvu ileile ya zamani. Hapo nawasihi: msimwekee mtu springi za pikapu kwenye gari dogo eti lisilale. Halitalala, ni kweli, litarukaruka kama mbuzi, na tairi lililo hewani hata uliwekee diski za ndege halisimamishi kitu. Shokapu mpya, za wastani. Masta silinda, ile pampu kuu ya breki, tulibadilisha, maana kaliper zinakunywa mafuta mengi ya breki kuliko dramu. Rimu tukaongeza saizi moja ili kaliper zipate nafasi, na matairi membamba ya ukuta mfupi ili gari lisibadilike kimo.

Gari likawa tayari. Mzee Eliufoo akaja kulikagua, akachuchumaa na koti lake la suti, akachungulia tumbo.

"Liko chini. Kule kwetu kuna mawe. Liinueni."

Na sisi tukaliinua. Hata Laizer hakupinga. Hapa kwetu gari kutoka gereji bila kuinuliwa vidole viwili ni kama bwana harusi kutoka nyumbani bila soksi. Mwenye gari mwenyewe anaona aibu. Tukaweka spesa juu ya springi za mbele, zile bakuli ngumu za mpira, gari likainua pua kama limesikia harufu ya pilau. Kisha tukalijaribu mahali ambapo gereji zote za Arusha hujaribu: barabara ya Kisongo, tambarare, imenyooka, haina neno. Mimi ndiye niliyekanyaga. Ndugu zangu, lilisimama kama mbuzi aliyeona chui. Chai niliyokunywa Jumatatu ilirudi kuuliza kuna nini. Tukapigana mikono, Mama akaja akalichukua, akatuachia mkungu wa ndizi.

Wiki haikuisha akarudi. Hakuwa na ndizi.

"Inasimama, baba. Kwenye kusimama sina neno. Lakini kwenye mashimo napokonywa usukani. Mimi nakwenda barabarani, yenyewe inakwenda kwa jirani. Nafikiri inaukumbuka ule mgrevilia."

Laizer akachukua ufunguo. "Twende Kisongo tukaijaribu."

"Fundi," nikamwambia, "Kisongo hakuna mlima."

Kisha akampa Mama ufunguo, tukapanda kwenda kwake, sote watatu. Kwenye sehemu yenye mifereji ya mvua nikaomba kushuka, Mama aendeshe polepole mimi nitembee pembeni nikitazama gurudumu la mbele. Likaingia kwenye mfereji. Lilipokuwa linashuka, likageuka lenyewe kuelekea nje, kidogo tu, kama jicho la mtu anayedanganya. Likapanda, likarudi. Usukani Mama alikuwa ameushika umenyooka.

Nikaona ubao wa Mwalimu Upendo na matao yake mawili.

"Milango yako, fundi," nikasema. "Haifunguki pamoja."

Laizer akalala palepale barabarani, kwenye tope, urefu wake wote. Bodaboda mbili zikasimama kusubiri apite kwa jinsi alivyoijaza njia. Kutoka chini ya gari tukasikia neno moja.

"Spesa."

Ndizo. Tulichagua kifundo kwa gari la kimo chake, kisha tukalivalisha viatu virefu. Gari lilipoinuka, lile sikio la tairodi lililokuwa chini kidogo likaonekana liko chini sana. Fimbo ikaning'inia, mkono wa chini ukaelekea kwingine. Gari likiwa tupu, kwenye lami ya Kisongo, gurudumu halipandi wala kushuka, nani angejua?

Mzee Eliufoo alitukuta tukiwa tumezunguka gari, akasikia tunataka kuzitoa.

"Mnataka litambae kama kenge? Jiwe la kwanza tu litachana tumbo. Bora skrepa."

Mama alikuwa ameegemea mlango, anatazama mibuni yake. Jumapili ya mavuno ilikuwa inayofuata.

Ni Joeli aliyelipata jibu gerejini, na ninamwandikia hapa ili mjue kitambi kile kina akili. "Kama hatutaki kuinua gari juu ya magurudumu," akasema, "si tuinue magurudumu yenyewe?" Matairi ya ukuta mrefu zaidi, kwenye rimu zilezile! Gari zima linapanda na mikono yake na tairodi yake, hakuna anayemtazama mwenzake vibaya. Mawe tukayatengenezea bati nene chini ya injini. Spesa nje.

Kisha Laizer akatoa agizo lililoshangaza mtaa. "Yeyo, nguo haipimwi kwenye msumari. Lete mzigo wa Jumapili."

Mama akaleta. Tukapakia ndizi, maboga, magunia, vyote kama vitakavyokuwa siku yenyewe. Tukamketisha Mama kwenye usukani. Jiwe nikalirudisha kwenye buti. Na Mzee Eliufoo tukamwomba akae kiti cha mbele, atulie.

"Mimi nimekuwa gunia?"

"Wewe ni mzigo muhimu, mzee," Joeli akamtuliza. "Bila wewe gari halisomi."

Akakaa alasiri nzima na koti lake, akisoma kitabu cha nyimbo, huku mimi na Laizer tuko chini tunapima. Tairodi ilikuwa imelala sambamba na mkono wa chini kama ndugu wawili kitandani. Tukarekebisha mielekeo ya magurudumu gari likiwa vilevile limeshiba. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya gereji, nanyi mnaifuata bila kujua ilikotoka: kabla ya kupima, mwulize mteja gari lake huwa linabeba nini, na alilete likiwa na mzigo huo. Ndizi mbili tatu hazikurudi mlimani, hilo nalo likawa sheria.

Jumapili asubuhi nilikuwa nyuma, kati ya mikungu, na jogoo ambaye hakuna aliyemweleza anakokwenda. Mama alivaa kitenge cha kwaya. Mzee Eliufoo alipanda na jiwe, akalipakata mapajani kama mtoto wa ubatizo.

"Hilo la nini huko mbele?" Mama akauliza.

"Likikataa kusimama, naruka nalo."

"Na gamabuti hizo? Utaruka ufike Makumira."

Tukaanza kushuka. Mama alikuwa anaimba sauti ya pili, taratibu, na kwenye kila kipande cha mteremko alikanyaga kidogo, akaachia, akakanyaga. Mifereji ilitupokea, ndizi zikagongana, mimi nikagonga dari kila baada ya ubeti. Nilichokuwa natazama ni mikono yake. Usukani ulitulia mikononi mwake kama sahani mezani.

Tulipofika kwa yule jirani wa mgrevilia, Laizer alikuwa amesimama kando ya njia, ametangulia kwa miguu, mikono nyuma kama mwamuzi. Hapo ndipo bodaboda ilipochomoka kutoka kwenye kichochoro, imebeba majani ya ng'ombe mengi hivi kwamba dereva haonekani. Ulikuwa mlima mdogo unaotembea. Mama akakanyaga kwa mguu wake wote.

Gari likasimama. Lilisimama limenyooka, tairi moja likiwa ndani ya mfereji, pua haikwenda kulia wala kushoto. Majani yakapita mbele yetu. Mama akaachia usukani mkono mmoja akaweka sawa kilemba chake.

Kisha jiwe likateleza kutoka mapajani mwa Mzee Eliufoo likamwangukia mguuni. Alichosema hakimo kwenye kitabu cha nyimbo. Jogoo akawika.

"Shemeji," Mama akamwuliza, "nisimamishe tena, au imetosha?"

Alikuwa ameshika kidole chake, machozi yanamlenga. "Imetosha," akasema. "Imetosha, mama."

Baada ya ibada ulifuata mnada wa mavuno, nje ya kanisa, kama kawaida. Mzee Eliufoo akaenda mbele anachechemea, upande mmoja yeye, upande mwingine shemeji yake, ungedhani ni mtindo mpya. Akatangaza kwamba ukoo umeridhika: gari linabaki, na Mama Ndeshi anabaki nyumbani kwake. Vigelegele. Laizer aliyekuwa kando yangu akatazama sana kilele cha Meru kana kwamba kimehamishwa.

"Na kwa kuwa hili sasa halina kazi," Mzee Eliufoo akaendelea, akaliinua lile jiwe, "nalitoa mnadani." Akaliweka mezani kati ya maboga. Watu wakacheka, mnadi naye akacheka, akauliza kwa utani nani anaanza.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Mama Ndeshi. Baba mmoja akapandisha, anataka la kuzuia mlango wa zizi. Mama akapandisha. Yule akapandisha. Mama akapandisha bila kumwangalia, na kicheko kikaanza kupungua, kikaisha, yule baba akashusha mkono wake mwenyewe.

"Shemeji," Mzee Eliufoo akamwambia kwa sauti ndogo, "si umeziamini breki?"

"Nimeziamini."

"Basi jiwe la nini?"

"Alilichagua kaka yako."

Mzee akainama, na kidole kile kilichovimba, akalibeba jiwe mwenyewe hadi kwenye gari, akalilaza ndani ya buti, upande wa bapa chini.

Fundi Laizer tulimzika miaka mingi iliyopita. Jeneza lake lilibidi kupimwa upya. Juzi, saa yenu iliponichosha kunitazama, nikapanda kwenda kumsalimia Mama Ndeshi. Yuko palepale na mibuni yake. Bado anaendesha, kwa mwendo ambao konokono anapiga honi apishwe. Nikaliinua gari kwa jeki: bushi zimeanza kupasuka, pedi zimebaki ganda. Nikamwambia nitazibadilisha palepale uani, kisha tupime magurudumu.

Nilipomaliza kufunga, binti yake Ndeshi, aliyekuwa amekuja kumtembelea, akafungua buti anipunguzie kazi. Akaona jiwe, akaliwekea mikono miwili kulitoa.

"Liache," nikamwambia.

Mama akaketi kwenye usukani. Nikalala chini, nikapima likiwa ndani.